Beki mkongwe anapomaliza mkataba: thamani yake hupimwaje?

KILA dirisha la usajili la Ligi Kuu Tanzania Bara linapofunguliwa, macho ya mashabiki huelekezwa kwa washambuliaji. Lakini yapo majina mengine yanayopita kimya kimya: mabeki wenye umri wa miaka 29, 32 au 35, ambao mikataba yao imefika ukingoni na ambao hakuna klabu inayoweza kudai hata senti moja ili kuwaachia.

Kwa klabu yenye mfuko mdogo, mchezaji wa aina hiyo anaweza kuwa ununuzi bora kuliko wote wa msimu. Kwa mchezaji mwenyewe, huo unaweza kuwa mkataba wa mwisho wenye maana katika maisha yake ya soka, na akikosea kuusaini hakuna msimu mwingine wa kurekebisha.

Suala hilo lina uzito wa pekee mkoani Ruvuma, ambako soka la ushindani lilikuwa na jina kubwa na sasa linatafuta njia ya kurejea. Vijana wa Mbinga na wa mwambao wa Ziwa Nyasa, kuanzia Lituhi na Liuli hadi Mbamba Bay, wanaoota kucheza Ligi Kuu wanahitaji kufahamu namna soko hilo linavyofanya kazi mapema, kabla hawajaitwa wakongwe.

Mchezaji huru ni nani?

Mchezaji huru ni yule ambaye mkataba wake na klabu umemalizika au umevunjwa kwa makubaliano ya pande mbili, au kwa sababu halali inayotambulika kikanuni. Anaweza kusaini kokote bila klabu mpya kulipa ada ya uhamisho kwa klabu ya zamani.

Kanuni za Shirikisho la Soka la Kimataifa (FIFA) kuhusu hadhi na uhamisho wa wachezaji, ambazo mashirikisho ya nchi hutakiwa kuzizingatia, zinaruhusu mchezaji kuingia makubaliano na klabu nyingine mkataba wake ukiwa umebakiza miezi sita au chini ya hapo. Kabla ya muda huo, klabu inayomtaka inalazimika kuitaarifu kwa maandishi klabu yake kabla ya kuzungumza naye.

Kanuni hizo zinaweka pia kikomo cha mkataba kuwa miaka mitano. Kwa aliye chini ya miaka 18 kikomo ni miaka mitatu. Aidha, mchezaji ambaye mkataba wake ulikwisha kabla ya dirisha kufungwa anaweza kusajiliwa hata baada ya dirisha hilo, endapo shirikisho la nchi husika litaruhusu. Ndiyo maana jina la beki mkongwe huweza kuibuka ghafla wakati wengine wote wamekwishajipanga.

Uhuru huo haukuja wenyewe. Mwaka 1990 kiungo Mbelgiji, Jean-Marc Bosman, alimaliza mkataba wake na RFC Liège na kutaka kwenda Dunkerque ya Ufaransa, lakini alizuiwa kwa sababu ya ada ya uhamisho. Desemba 15, 1995, Mahakama ya Ulaya iliamua kuwa mchezaji raia wa Umoja wa Ulaya aliyemaliza mkataba hawezi kuzuiwa kwenda klabu ya nchi nyingine ya umoja huo kwa kudaiwa ada. Uamuzi huo ulibadili soka la dunia nzima, ingawa Bosman mwenyewe hakunufaika nao sana.

Nchini Marekani, katika mchezo wao wa mpira wa mikono na miguu unaochezwa kwa kofia ngumu, utaratibu wa uhuru kamili ulianza mwaka 1993. Aliyefungua njia alikuwa mlinzi, si mfungaji. Reggie White, aliyekuwa na umri wa miaka 31, aliondoka Philadelphia Eagles na kusaini Green Bay Packers mkataba wa miaka minne wenye thamani ya dola milioni 17. Wapo waliodhani timu hiyo ya mji mdogo imenunua uzee. Januari 1997 Packers walitwaa ubingwa, na White alimwangusha mrushaji wa mipira wa wapinzani mara tatu katika fainali hiyo.

Kwa nini beki hudumu?

Winga huishi kwa kasi, na kasi ndiyo ya kwanza kupungua. Beki wa kati hutegemea zaidi kusoma mchezo: kujua mpira utaangukia wapi, kupanga safu, kumwita mwenzake arudi, kuchagua wakati wa kuingia na wakati wa kusubiri. Mambo hayo huongezeka kwa kucheza mechi nyingi.

Mwaka 2020 Mbrazili Thiago Silva alimaliza mkataba wake na Paris Saint-Germain akiwa na miaka 35. Chelsea walimchukua bila ada ya uhamisho, na Mei 2021 walikuwa mabingwa wa Ulaya.

Hata hivyo, si kila mkongwe ana thamani hiyo. Beki aliyejengwa juu ya mbio na nguvu peke yake hushuka ghafla. Timu inayocheza kwa kupandisha safu ya ulinzi hadi karibu na katikati ya uwanja humwacha mkongwe na eneo kubwa nyuma yake, na makosa yake huonekana na kila mtu. Mchezaji huyo huyo akipelekwa kwenye timu inayojilinda karibu na lango lake anaweza kuonekana kijana tena. Thamani yake, basi, hutegemea pia timu anayokwenda.

Funzo la Azam na Simba

Mfano ulio wazi zaidi nchini ni wa mwaka 2017. Katika kiangazi hicho wachezaji wanne waliokuwa nguzo za Azam FC walihamia Simba: mlinda mlango Aishi Manula, beki Shomari Kapombe, mshambuliaji John Bocco na Erasto Nyoni, mchezaji anayemudu nafasi zote za ulinzi pamoja na kiungo.

Nyoni alikuwa ametimiza miaka 29 Mei mwaka huo. Alikuwa jina kubwa tangu Juni 2007, bao lake lilipoipa Taifa Stars ushindi wa 1-0 dhidi ya Burkina Faso mjini Ouagadougou. Wapo walioona kwamba miaka yake bora imekwisha.

Matokeo yalikuwa tofauti. Simba, ambayo haikuwa imetwaa ubingwa tangu msimu wa 2011/12, ilitwaa ule wa 2017/18 na kuendelea hadi 2020/21, mataji manne mfululizo. Nyoni alidumu Msimbazi hadi 2023, alipohamia Namungo ya Ruangwa, mkoani Lindi.

Thamani ya beki wakati mwingine hupimwa vizuri zaidi pale asipokuwepo. Januari na Februari 2019, Nyoni akiwa majeruhi, Simba ilifungwa mabao 5-0 na AS Vita mjini Kinshasa na idadi hiyo hiyo na Al Ahly nchini Misri, katika hatua ya makundi ya Ligi ya Mabingwa Afrika. Haitakuwa haki kusema mtu mmoja angezuia mabao 10, na Simba hiyo ilijikusanya ikafika robo fainali. Lakini vipigo hivyo viliwakumbusha wengi kwamba mtu anayepanga safu ya nyuma si rahisi kuzibwa nafasi yake kwa wiki moja.

Mwaka 2018 Simba ilirudia hesabu hiyo kwa kumchukua Pascal Wawa wa Ivory Coast, aliyewahi kuichezea Azam, akiwa na miaka 32. Alikaa misimu minne na kuondoka 2022 kwenda Singida Big Stars.

Kwa upande wa Jangwani, Kelvin Yondani aliondoka Simba mwaka 2012 na kuichezea Yanga kwa miaka minane, akitwaa nayo ubingwa wa Bara mara nne. Mwaka 2019 yeye na Nyoni walikuwa katika kikosi cha Taifa Stars kilichokwenda Misri kwenye Fainali za Mataifa ya Afrika, za kwanza kwa Tanzania tangu 1980. Mwaka mmoja baadaye Yondani na Yanga walishindwa kuafikiana kuhusu mkataba mpya. Baadaye alivaa jezi za Polisi Tanzania na Geita Gold. Siku ya kujadili mkataba, mataji ya zamani huheshimiwa, lakini kinacholipwa ni mechi zijazo.

Tukio lililotikisa zaidi ni la mwaka 2025, pale nahodha wa Simba, Mohamed Hussein 'Zimbwe Jr', beki wa kushoto aliyeitumikia klabu hiyo tangu 2014, alipomaliza mkataba na kuhamia kwa watani wa jadi, Yanga. Alikuwa na miaka 28. Klabu iliyomlea kwa miaka 11 ilibaki na kumbukumbu.

Hesabu ya fedha

Ili kuelewa kwa nini mchezaji huru huweza kudai zaidi, chukua mfano wa klabu iliyotenga Sh milioni 60 kwa ajili ya beki mmoja kwa miaka miwili.

Ikimnunua mchezaji mwenye mkataba, na klabu yake ikataka Sh milioni 30, hubaki milioni 30 za kumlipa mwenyewe. Akipewa milioni sita za usajili, zinabaki milioni 24, yaani Sh milioni moja kwa mwezi kwa miezi 24.

Ikimchukua mchezaji huru, Sh milioni 60 zote ni zake. Anaweza kupata milioni 12 za usajili, na milioni 48 zilizobaki zikawa mshahara wa Sh milioni mbili kila mwezi. Klabu haijatumia zaidi, lakini mchezaji amepata mara mbili. Ada isiyolipwa ndiyo silaha yake mezani.

Hapo ndipo wengi hupotea. Katika soka la Tanzania fedha ya usajili hutazamwa kama kipimo cha heshima, na mchezaji huweza kukubali donge nono la mwanzo huku mshahara ukiwa mdogo. Fedha hiyo mara nyingi hugawanywa kwa awamu, na awamu ya pili ikichelewa, mchezaji hubaki na mshahara usiotosha. Kwa mkongwe asiye na mkataba mwingine mbele yake, kinachomfaa ni malipo yenye tarehe zilizoandikwa, si ahadi ya mdomo ya kiongozi ambaye huenda akaondoka madarakani kabla yake.

Michango ya hifadhi ya jamii nayo husahaulika. Kwa wafanyakazi wa sekta binafsi, michango ya NSSF ni asilimia 20 ya mshahara, na mwajiri hutakiwa kuchangia si chini ya nusu yake. Fedha ya usajili iliyotolewa mkononi haimwekei mchezaji akiba hiyo. Mshahara ulioandikwa vizuri humwekea.

Hatari kwa pande mbili

Klabu inayomsajili mkongwe hununua pia historia ya magoti na vifundo vyake. Kanuni za FIFA haziruhusu uhalali wa mkataba kutegemea matokeo ya vipimo vya afya. Vipimo lazima vifanyike kabla ya kalamu kushikwa. Klabu iliyosaini kwanza na kupima baadaye italipa hata kama mchezaji hataonekana uwanjani.

Ndiyo sababu klabu nyingi hupendelea kumpa mkongwe mwaka mmoja wenye kipengele cha kuongeza mwingine. Kipengele hicho huwa na faida kwa mchezaji kikifungwa kwenye jambo linalopimika, kama idadi ya mechi, na huwa hakina maana kikiachwa kwenye hiari ya klabu peke yake.

Kwa upande wa mchezaji, hatari kubwa ni kutolipwa. Tangu 2018 kanuni za FIFA zinasema klabu isiyolipa mishahara ya miezi miwili kinyume cha sheria humpa mchezaji sababu halali ya kuvunja mkataba, mradi ameipa klabu notisi ya maandishi na kuipa siku 15 za kulipa deni lote. Mchezaji anayefunga virago bila kuandika barua hujigeuza kutoka mdai kuwa mdaiwa.

Umri nao una nafasi yake kikanuni. Aliyesaini kabla ya kutimiza miaka 28 huwa na kipindi cha ulinzi wa mkataba cha misimu mitatu au miaka mitatu, lolote litakalotangulia. Aliyesaini baada ya umri huo, kipindi hicho ni miwili. Akivunja mkataba bila sababu ndani ya muda huo, mbali na fidia, anaweza kufungiwa kucheza kwa miezi minne. Kwa mwenye miaka 33, miezi minne ni sehemu kubwa ya muda uliobaki.

Migogoro ya mikataba haijakosekana nchini. Mwaka 2020 Yanga na Bernard Morrison walibishana kuhusu urefu wa mkataba wake. Kamati ya Sheria na Hadhi za Wachezaji ya Shirikisho la Soka Tanzania (TFF) iliamua kwa upande wa mchezaji, na shauri likafika hadi Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo (CAS), ambako rufaa ya Yanga ilitupwa mwaka 2021. Desemba 2022 Feisal Salum alitangaza kuondoka Yanga mkataba ukiwa haujaisha. Kamati ikasema bado ni mchezaji wa Yanga, na suluhu ikapatikana katikati ya 2023 alipokwenda Azam. Katika mashauri yote mawili hoja ilikuwa ni kile kilichoandikwa.

Ruvuma inaingiaje?

Majimaji ya Songea, Wanalizombe, ni miongoni mwa klabu chache za nje ya Dar es Salaam zilizowahi kutawala soka la nchi. Ilitwaa ubingwa wa Ligi ya Muungano mwaka 1985, 1986 na 1998. Ilirejea Ligi Kuu msimu wa 2015/16, lakini ikashuka mwishoni mwa msimu wa 2017/18.

Klabu ya namna hiyo haiwezi kushindana na Simba, Yanga au Azam kwa ada za uhamisho. Soko lake la asili ni la wachezaji huru. Beki mmoja mkongwe aliyezoea presha anaweza kuwaongoza vijana watatu waliotoka ligi ya mkoa na kuwafundisha kwa mwaka mmoja yale ambayo wangejifunza kwa miaka mitatu ya kufungwa.

Tatizo ni kwamba mkongwe huyo hutazama pia jiografia. Songea iko mbali na Dar es Salaam, safari za ugenini ni ndefu, na mwili wa miaka 33 hauponi basini. Klabu za pembezoni hulazimika kufidia umbali huo kwa malipo ya uhakika, nyumba na, pale inapowezekana, nafasi ya kuanza kazi ya ukocha. Nadir Haroub 'Cannavaro', beki na nahodha wa muda mrefu wa Yanga, alipostaafu mwaka 2018 alibaki klabuni kama meneja wa timu. Ahadi ya kazi baada ya jezi inaweza kuzidi uzito wa milioni kadhaa za usajili.

Kwa vilabu vya Mbinga na Wilaya ya Nyasa, iliyogawanywa kutoka Mbinga mwaka 2012, kuna upande mwingine wa shilingi. Mchezaji anapouzwa akiwa ndani ya mkataba na uhamisho huo ukawa wa kimataifa, asilimia tano ya ada hugawanywa kwa klabu zilizomlea kati ya miaka 12 na 23. Kila msimu wa kati ya miaka 12 na 15 una thamani ya asilimia 0.25 ya ada, na kila msimu wa kati ya 16 na 23 asilimia 0.5.

Klabu ya Mbamba Bay iliyomlea kijana tangu miaka 12 hadi 17, na ikawa na kumbukumbu za usajili wake, ingeweza kudai asilimia mbili. Katika mauzo ya dola 100,000, hizo ni dola 2,000, fedha zinazotosha mipira na jezi kwa muda mrefu. Lakini mchezaji huyo huyo akiondoka akiwa huru, hakuna ada ya kugawanya, na fidia ya mafunzo nayo hukoma anapovuka miaka 23. Uhuru unaomnufaisha mkongwe ndio unaoiacha mikono mitupu klabu ya kijijini.

Wakulima wa kahawa wa milima ya Umatengo wanaielewa hali hiyo. Mbuni uliozeeka haukatwi shina lote na kutupwa. Hukatwa kwa mpango, ukaachwa uchipue upya, na kahawa yake hupimwa mnadani kwa daraja na ladha, si kwa umri wa mti. Lakini asiyeandika kilo alizopeleka chama cha msingi hana cha kudai siku ya malipo.

Mambo ya kuangalia kabla ya kusaini

Kwa mchezaji: urefu wa mkataba, tarehe za kulipwa fedha ya usajili, matibabu wakati wa majeraha, michango ya hifadhi ya jamii, na sharti la kuongeza muda. Nakala iliyosainiwa lazima abaki nayo, na ahakikishe iliyopelekwa TFF inafanana nayo.

Kwa klabu: mechi alizocheza katika misimu miwili iliyopita, vipimo vya afya kabla ya kusaini, mfumo wa kocha, na uwezo wa kulipa hadi mwezi wa mwisho. Beki mkongwe asiyelipwa hufundisha vijana somo baya zaidi kuliko kufungwa.

Kwa vilabu vidogo vya mwambao na milimani: majina, tarehe za kuzaliwa na misimu ya kila kijana viandikwe na kusajiliwa rasmi tangu ngazi ya wilaya. Njia ya kutoka huko ni ndefu, kupitia ligi ya mkoa, Ligi ya Mabingwa wa Mikoa, First League na Championship kabla ya kufika Ligi Kuu, na karatasi zinazopotea mwanzoni mwa safari hazipatikani tena mwishoni.